Wiki moja na miswada ya Grace Williams: Aberystwyth, Cardiff, Barry

Jumapili: relini

Hakuna treni ya moja kwa moja kutoka London hadi Aberystwyth, mji wa pwani ya Wales. Unatoka Euston, unabadili Birmingham, na kutoka hapo treni inapita Wolverhampton na Shrewsbury. Baada ya Shrewsbury reli ni ya njia moja kwa sehemu kubwa, kama kilomita 130 za vilima na kondoo, na hiyo peke yake ni saa mbili. Angalia ubao wa behewa kabla ya kukaa. Treni hii hukatwa vipande viwili Machynlleth: kipande kimoja kinashuka Aberystwyth, kingine kinafuata pwani kwenda Pwllheli. Aliyelala kwenye behewa lisilo lake huzindukia Tywyn, na kurudi ni kusubiri. Jumapili treni ni chache na ukarabati wa reli hupangwa siku hiyohiyo, kwa hiyo tazama ratiba mara ya pili asubuhi ya safari.

Sababu ya kwenda mbali hivyo ni Maktaba ya Taifa ya Wales, iliyoanzishwa 1907. Tangu sheria ya hakimiliki ya 1911 ina haki ya kudai nakala ya kila kinachochapwa Uingereza. Ila miswada haiji kwa sheria. Inaletwa na watunzi wenyewe, familia zao, au inanunuliwa. Hapo ndipo ilipo miswada mingi ya Grace Williams, aliyezaliwa Barry 1906 na kufariki hukohuko 1977, mtunzi wa okestra, kwaya na opera.

Saa hizo za treni zitumie kuandaa orodha. Williams hakuzipa kazi zake namba za opus (namba ambazo watunzi huzipa kazi zao kwa mfululizo), hivyo kitambulisho chako ni jina la kazi na mwaka. Andika angalau hizi: *Hen Walia* (1930), *Fantasia on Welsh Nursery Tunes* (1940), Simfonia ya Kwanza (1943), *Sea Sketches* (1944), Konseto ya Violini (1950), *Penillion* (1955), Simfonia ya Pili (1956, ikasahihishwa 1975), Konseto ya Tarumbeta (1963), opera *The Parlour* (ikapandishwa jukwaani 1966), *Ballads* (1968), *Missa Cambrensis* (1971). Mbele ya kila moja acha nafasi tatu: michoro ya penseli, skoa kamili (kurasa zenye sehemu za vyombo vyote pamoja), nakala za wapigaji (kila chombo na sehemu yake peke yake). Wiki nzima itakuwa kujaza nafasi hizo, na zile zitakazobaki tupu zina maana kama zilizojaa.

Jumatatu: kadi, katalogi, meza

Maktaba iko juu ya kilima cha Penglais. Kutoka stesheni ni mwendo wa kupanda, na upepo wa baharini unakusukuma au unakurudisha kulingana na siku. Kadi ya msomaji ni bure, lakini inataka kitambulisho na kitu kinachothibitisha anwani ya makazi. Wageni wengi hukwama kwenye hiyo ya pili: hati ya kusafiria haina anwani. Beba barua ya benki au bili yenye jina lako.

Kazi ya kwanza ni katalogi, na ina mitego. Wales ina akina Williams wengi mno, wakiwemo wanamuziki, kwa hiyo tafuta kwa jina kamili pamoja na mwaka wa kuzaliwa. Maelezo mengine yako kwa Kiwelshi tu: *cerddoriaeth* ni muziki, *llawysgrif* ni muswada, *sgôr* ni skoa. Tena usiishie kwenye mkusanyiko wenye jina lake. Muswada wa mtunzi mmoja hutawanyika: nakala aliyompa kondakta hubaki kwenye karatasi za kondakta, barua zake hubaki kwa waliozipokea, na kazi zilizoagizwa na redio au tamasha huacha nakala kwa aliyeagiza. Williams aliandika sana kwa ajili ya BBC na matamasha ya Wales, na aliandikiana kwa miaka mingi na mtunzi mwenzake Elizabeth Maconchy. Mara nyingi barua ndiyo inayoeleza kwa nini ukurasa fulani una alama ya kufutwa.

Agiza mapema kupitia mtandao, siku kadhaa kabla. Vitu vingine huhitaji kukaguliwa na mhifadhi kwanza, hasa karatasi dhaifu na zile zisizopangwa bado. Usiagize masanduku yote kwa pamoja. Agiza kwa kufuata kazi. Skoa ya *Sea Sketches* pamoja na michoro yake mezani ni bora kuliko masanduku kumi usiyoweza kuyalinganisha.

Mezani penseli tu, hakuna kalamu ya wino. Mikono iwe imeoshwa na kukauka. Glavu za pamba hazitakiwi kwa karatasi, maana zinaondoa hisia ya vidole na kingo zinachanika. Glavu ni za picha. Kitabu kilichojalidiwa kinakaa kwenye mito ya sponji, na ukurasa unashikwa na mkufu wa madini ya risasi uliofunikwa kitambaa, uuweke pembezoni na si juu ya nota. Karatasi huru zibaki katika mpangilio uliozikuta, hata ukiona wazi kwamba umekosewa. Mpangilio mbaya nao ni ushahidi. Mwambie msimamizi wa chumba, usinyooshe mwenyewe.

Fungua sanduku la kwanza ukijua jambo moja. Tarehe 10 Mei 1951 Williams alikaa na miswada yake yote, akaipitia, na akateketeza karibu yote aliyoona haifai kupigwa. Aliandika hivyo kwenye shajara yake. Kwa hiyo unachokiona cha kabla ya 1951 si mabaki ya bahati, ni kile kilichopita mbele ya hakimu mkali kuliko mhariri yeyote. Ukikosa mchoro wa kazi ya miaka ya 1930, usikimbilie kudhani umepotea maktabani.

Jumanne: karatasi kabla ya nota

Asubuhi hii usisome muziki. Pima. Kwa kila kundi la karatasi andika urefu kwa upana katika milimita, idadi ya mistari-mitano (safu za mistari mitano ya kuandikia nota) kwa ukurasa, na umbali kutoka mstari wa juu kabisa hadi wa chini kabisa wa ukurasa. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachotofautisha karatasi mbili za kiwanda kimoja zenye idadi sawa ya mistari. Okestra ya nyuzi peke yake, kama ya *Sea Sketches*, inahitaji mistari-mitano 5: violini ya kwanza, ya pili, viola, cello, besi. Karatasi ya 12 inabeba mifumo miwili (makundi mawili kamili ya mistari hiyo, moja juu ya lingine) na nafasi ya kupumua. Okestra kamili inahitaji 24 au zaidi, na *Missa Cambrensis*, yenye waimbaji wanne wa pekee, kwaya, kwaya ya wavulana, msomaji na okestra, inalazimisha karatasi kubwa na mistari ya kubanana. Mtunzi akibanwa, makosa yanaongezeka: alama ya kushusha inasomeka kana kwamba ni ya nota ya jirani, na maneno ya kwaya yanaingia kwenye mstari wa chombo.

Halafu tambua aina ya karatasi. Watunzi wa katikati ya karne ya 20 waliandika skoa nyingi kwa wino mweusi kwenye karatasi angavu, ile inayopitisha mwanga. Nyingi zina mistari-mitano iliyochapwa upande wa nyuma, nota zikaandikwa mbele. Ndivyo ilivyokusudiwa: ukikosea unakwangua wino kwa wembe na mistari inabaki salama. Karatasi hiyo hulazwa juu ya karatasi yenye kemikali ya diazo, inamulikwa, kisha nakala inapitishwa kwenye mvuke wa amonia na nota zinatokea. Kwa njia hiyo mtunzi aliweza kutoa nakala tano za skoa ya kurasa 100 bila mchapishaji.

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Karatasi angavu wanaiona ni safi na nzuri, wanaichukua kuwa neno la mwisho, na nakala za diazo, za manjano na zenye madoa, wanazipita. Wanakosea. Kila nakala ni picha ya karatasi angavu *siku ilipotolewa*. Kilichomo kwenye nakala na hakimo kwenye karatasi angavu kilikwanguliwa baadaye. Kilichomo kwenye karatasi angavu na hakimo kwenye nakala kiliongezwa baadaye. Na kilichoandikwa kwa penseli juu ya nakala huenda hakikurudishwa kamwe kwenye karatasi angavu, maana mazoezi yalikuwa kesho na wembe ulikuwa nyumbani. Nakala tatu za tarehe tofauti zinakupa historia ya kazi kwa hatua tatu.

Kuona palipokwanguliwa, inamisha kichwa utazame ukurasa kwa ubavu, mwanga ukitoka kando: panapokwanguliwa pana vinyweleo na hapang'ai. Usiinue karatasi kuielekeza dirishani. Diazo nayo inafifia kwa mwanga, hivyo ifunike pale usipoisoma. Inatoa pia hewa inayoharibu karatasi za jirani, ndiyo maana wahifadhi huitenga kwenye bahasha zake. Ukiikuta imechanganywa na nyingine, sema.

Uchafu mwingine wa kutambua: gundi ya utepe wa plastiki inayogeuka kahawia na kuacha nota chini yake zikiwa na ukungu, na kibanio cha chuma kilichoota kutu. Kibanio usikitoe, alama ya kutu inaonyesha kurasa zipi zilikaa pamoja.

Jumatano: simfonia mbili, hukumu mbili

Siku nzima kwa kazi mbili tu, nayo haitoshi.

Simfonia ya Kwanza ya 1943 imejengwa juu ya mhusika Owen Glendower katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Henry wa Nne. Baadaye Williams aliiondoa yote isipokuwa scherzo, sehemu ya mwendo wa haraka. Kwa mtafiti hilo lina athari ya moja kwa moja: scherzo iliendelea kuishi, ikapata masahihisho, wakati sehemu nyingine zilisimama pale zilipoachwa. Usitumie desturi za uandishi za scherzo kusahihisha zile nyingine. Zina umri tofauti hata kama zina tarehe moja.

Simfonia ya Pili ina tabaka mbili, 1956 na 1975. Namna ya kuzitenganisha inafanana kwa kazi yoyote iliyosahihishwa baada ya miaka. Anza na namba za kurasa: 34, 34a, 34b ni karatasi zilizoingizwa. Kisha namba za mazoezi, zile za kwenye kisanduku juu ya mistari: zikiruka kutoka 41 hadi 43, kuna kipande kilichokatwa katikati. Kisha aina ya karatasi, ndiyo sababu ya kupima jana. Kisha vipande vilivyobandikwa juu ya baa (vipande vya muziki kati ya mistari ya wima) za zamani. Mara nyingi ukingo umeachia na unaweza kusoma nota moja au mbili chini bila kuinua kitu. Mwisho wino na mwandiko. Mkono wa mtu wa miaka 50 na wa miaka 69 haulingani, lakini usianze na mwandiko, maana ndio ushahidi unaodanganya zaidi.

Mwandiko tena: je, ni wa mtunzi au wa mnakili? Linganisha ufunguo wa sol, ufunguo wa do wa viola, kimya cha robo, na tarakimu 7. Mtu anaweza kubadili kalamu na kasi, ila ufunguo wa viola huuchora vilevile. Tengeneza kadi moja yenye mifano hiyo minne kutoka ukurasa uliotiwa saini, uiweke kando ya kila ukurasa wenye shaka.

Kosa la kawaida la mchana: kusahau vyombo vinavyohama sauti. Klarineti ya si-bemoli inaandikwa toni moja juu ya inavyosikika, pembe (French horn) ya fa kwinti moja juu. Lakini kwenye michoro ya penseli watunzi wengi huandika kila kitu kwa sauti halisi. Ukiona klarineti "imekosewa" kwa toni moja kati ya mchoro na skoa kamili, hakuna kosa. Kaguzi za baadhi ya waandaaji wa matoleo zimejaa masahihisho ya namna hiyo yasiyohitajika.

Alhamisi: nakala za wapigaji, kamera, hakimiliki

Kama una siku moja tu Aberystwyth, iwe hii.

Nakala za wapigaji ndizo zilizokuwepo jukwaani. Violini ya pili akikuta nota isiyokaa, aliuliza, kondakta akajibu, na jibu likaandikwa kwa penseli pale pale. Skoa haikujua. Soma nakala ya kila chombo na andika kila tofauti na skoa: nota, alama ya kupandisha au kushusha, nguvu ya sauti, mwelekeo wa upinde. Zigawe mara mbili: zinazotokea kwenye nakala moja tu ni za mpigaji, zinazotokea kwenye meza zote za kundi zilitoka kwa kondakta au mtunzi. Pale mwisho wapigaji huandika tarehe, mji na dakika. Michoro ya miwani maana yake "mtazame kondakta", na ikirundikana sehemu moja ujue hapo mwendo ulikuwa unabadilika kuliko skoa inavyosema.

Namba za baa ni kazi ya mikono. Skoa nyingi za enzi hiyo zina namba za mazoezi tu. Hesabu baa mwenyewe na amua mapema: baa ya kuanzia isiyo kamili haihesabiwi, na pakiwa na marudio yenye mwisho wa kwanza na wa pili, zote mbili zihesabiwe mfululizo. Andika uamuzi huo juu ya daftari. Asiyefanya hivyo atarudi nyumbani na orodha mbili zisizopatana.

Kupiga picha ni kwa ruhusa na bila mwanga wa ghafla. Karatasi angavu inakusumbua kwa sababu ukurasa wa chini unaonekana; omba karatasi nyeupe ya kuweka katikati. Kila picha iwe na kipande chenye namba ya sanduku na namba ya karatasi, vinginevyo picha mia tatu za nota zinafanana. Piga pia kurasa tupu na majalada.

Picha hizo ni za utafiti wako. Hakimiliki ya Uingereza hudumu miaka 70 baada ya mwaka wa kifo, hivyo kazi za Williams zinalindwa hadi mwisho wa 2047. Kuchapisha ukurasa, kutoa toleo jipya au kupiga hadharani ni maombi tofauti: kwa mwenye haki, na kwa maktaba kwa ajili ya picha. Umiliki wa karatasi haumpi mtu haki ya muziki ulioandikwa juu yake.

Jioni, kabla ya kufunga mizigo, shuka hadi jengo la zamani la chuo lililo baharini. Joseph Parry alifundisha muziki Aberystwyth kati ya 1874 na 1880, na wimbo wake wa kanisa uitwao kwa jina la mji huu ulichapwa 1879. Wanakwaya wa Tanzania huenda wamesikia kwamba "Mungu Ibariki Afrika" ulizaliwa na wimbo huo kupitia kwa Enoch Sontonga. Jaribu kwa sol-fa, ambayo makanisa ya Wales yaliitumia kama tunavyoitumia sisi hadi leo: makao ya "Aberystwyth" ni la, makao ya wimbo wa Sontonga ni do. Mshuko wa sauti una kufanana hapa na pale, lakini ushahidi wa mkono kwa mkono hauko, na madai hayo yasirudiwe kama historia.

Ijumaa: Cardiff

Reli ya Aberystwyth hadi Carmarthen ilifungwa miaka ya 1960. Chaguo ni basi la T1 hadi Carmarthen kisha treni, au kurudi Shrewsbury kwa treni na kushuka kusini. Basi ni bora ukiondoka alfajiri. Weka miadi ya mchana na Chuo Kikuu cha Cardiff, ambako kuna miswada ya mtunzi Morfydd Owen, aliyezaliwa Treforest 1891 na kufariki 1918 baada ya upasuaji, akiwa hajatimiza miaka 27. Williams alisomea Cardiff pia, kabla ya kwenda kufundishwa na watunzi wengine wawili: Vaughan Williams, London, na Egon Wellesz, Vienna.

Sanduku moja la Owen kando ya wiki ya Williams linafundisha tofauti. Owen hakupata nafasi ya kuchuja. Kazi za mwanafunzi, rasimu na nyimbo zilizokamilika ziko pamoja, na mpangilio wa tarehe unabidi ujengwe kutoka karatasi na anwani. Kuhusu haki, zile zilizochapwa mapema ziko huru, lakini ambazo hazikuwa zimechapwa zinalindwa hadi mwisho wa 2039 kwa kanuni ya pekee ya sheria ya 1988. Wengi huona mwaka 1918 na kudhani wamesalimika.

Jumamosi: Barry

Treni kutoka Cardiff ni chini ya saa moja. Barry ilijengwa na makaa ya mawe: gati lilifunguliwa 1889, na 1913 bandari hii ilisafirisha zaidi ya tani milioni 11. Baba yake Williams aliongoza hapa kwaya ya wavulana ya Romilly. Hakuna sanduku la kufungua leo, ila kuna jambo la kukagua. *Sea Sketches* ina sehemu tano: upepo mkali, wimbo wa kusafiri kwa tanga, ving'ora vya mlangobahari, mawimbi yanayovunjika, bahari tulivu ya kiangazi. Aliitunga mbali na hapa, wakati wa vita, na kuwatunuku wazazi wake kwa kuwa waliamua kuishi pwani ya Glamorgan.

Simama ufukweni maji yakipwa. Mlangobahari wa Bristol una tofauti ya kujaa na kupwa inayozidi mita 12 siku za bamvua, na maji hayaji kwa vipigo sawa. Ukiwa na picha za sehemu ya nne, soma alama za kupanda na kushuka kwa nguvu ya sauti kundi kwa kundi: angalia kama cello na besi zinaanza kupanda baa ileile na violini au mapema. Wanakili huzinyoosha alama hizo ziwe wima moja, kwa sababu ukurasa unapendeza hivyo. Pale nakala ya wapigaji ilipozinyoosha na muswada haukuzinyoosha, fuata muswada, na uandike namba ya baa.